Jinsi ya Kuufuatilia Ulimi wa Iago, Neno kwa Neno

Wengi wanaosoma Othello, tamthilia ya Shakespeare iliyochezwa katika kasri la Whitehall, London, tarehe 1 Novemba 1604, huanza na swali la kwa nini. Kwa nini Iago anamchukia bwana wake, jemadari Othello? Ni kwa sababu Cassio amepewa unaibu alioutaka yeye? Ni kwa sababu anashuku kwamba Othello amelala na mkewe, Emilia? Iago mwenyewe hutoa sababu, kisha akibaki peke yake jukwaani hutoa nyingine. Ukilifuata swali hilo utazunguka hadi jioni. Anza na swali la namna: anazungumza na nani, anasema nini hasa, na anaacha nini bila kukisema. Hilo lina jibu, na jibu liko kwenye ukurasa.

Kitu cha kutafuta ni kimoja. Iago huacha mapengo katika maneno yake, na Othello ndiye anayeyajaza. Shtaka likishatoka kinywani mwa Othello mwenyewe, hana tena wa kubishana naye. Ukiweza kuonyesha pengo liko mstari gani na limejazwa kwa neno gani, utakuwa umeielewa fitina hii kuliko mtu aliyekariri orodha nzima ya tamathali za semi.

Vifaa

Unahitaji nakala yenye namba za mistari, penseli za rangi tatu na daftari. Kama mnasoma kikundi, wote mtumie chapa moja. Tamthilia hii ilitoka katika matoleo mawili ya mwanzo yasiyofanana: la mwaka 1622 na lile la mwaka 1623 lililomo katika mkusanyo mkubwa wa kazi za Shakespeare. La 1623 lina mistari kama 160 isiyokuwamo katika la 1622, na viapo vingi vya toleo la kwanza vimeondolewa humo. Hata kauli ya kwanza ya Iago, ambayo katika toleo la 1622 inafunguliwa na kiapo cha damu ya Mungu, katika la 1623 haina kiapo hicho. Msipoangalia jambo hili mtapoteza muda mkigombania mistari ambayo mmoja wenu hanayo.

Penseli nyekundu ni ya kauli za Iago zinazoweza kupimwa kuwa kweli au uongo. Ya buluu ni ya maswali yake, sentensi alizozikata katikati, na maneno aliyoyarudisha kama alivyoyapokea. Ya kijani ni ya maneno ambayo Othello ndiye wa kwanza kuyatamka.

Usianze mwanzo wa tamthilia. Fungua Tendo la 3, Onyesho la 3. Lina mistari karibu 480, na ndipo Othello anapoingia akimpenda mkewe na kutoka akipanga kumuua. Tenga saa mbili.

Pengo la kwanza

Cassio ameshushwa cheo kwa ulevi, ulevi ambao Iago ndiye aliyeupanga. Amekwenda kumwomba Desdemona, mke wa Othello, amwombee kwa mumewe. Anapowaona Othello na Iago wanakuja, anaona aibu na kuondoka. Hapo ndipo panapoanzia kazi (tafsiri za mistari humu ni zetu):

IAGO: Ha! Hilo silipendi.
OTHELLO: Unasema nini?
IAGO: Si kitu, bwana wangu; au kama... sijui nini.
OTHELLO: Si Cassio yule aliyeagana na mke wangu?
IAGO: Cassio, bwana wangu? Hapana, siwezi kudhani kwamba angeondoka kwa kunyemelea, kama mwenye hatia, alipokuona unakuja.
OTHELLO: Naamini alikuwa yeye.

Sasa chukua penseli. Nyekundu haina pa kukaa, ila kwenye "silipendi", ambalo ni jambo la moyo wa msemaji na haliwezi kupimwa. Buluu inajaa. "Hilo" ni lipi? Iago hasemi, anatupa kiashiria kisicho na jina, na mwenzake anaanza kulitafuta jina. Kijani inaangukia "Cassio" na "mke wangu". Katika mazungumzo haya Othello ndiye aliyemtaja Cassio, na ndiye aliyemweka karibu na mkewe. Iago bado hajasema neno.

Kauli yake ndefu inataka mbinu ya pekee. Kizungushie duara kikanushi chote, "hapana, siwezi kudhani kwamba", kisha soma kilichobaki: aliondoka kwa kunyemelea, kama mwenye hatia, alipokuona unakuja. Sura ya kosa imechorwa yote ndani ya sentensi inayodai kumtetea mtu. Kila utakapokutana na Iago akimtetea mtu, fanya hivyo hivyo. Jaribu pia Tendo la 2, Onyesho la 3, anapoapa kwamba ni heri akatwe ulimi kuliko umdhuru Cassio, kisha anasimulia kisa ambacho kinamfukuzisha Cassio kazi papo hapo.

Mwangwi

Mistari kama 60 baadaye Desdemona ameondoka na Iago anauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, iwapo Cassio alijua habari za mapenzi yao wakati wa uchumba. Alijua, anajibu Othello, tena alikuwa akitupelekea ujumbe mara nyingi. Iago anajibu kwa neno moja la mshangao. Othello analidaka neno hilo na kumrudishia: unaona nini hapo? Kwani si mwaminifu?

IAGO: Mwaminifu, bwana wangu?
OTHELLO: Mwaminifu, ndiyo, mwaminifu.
IAGO: Bwana wangu, kwa ninavyojua mimi.
OTHELLO: Unafikiri nini?
IAGO: Nafikiri, bwana wangu?

Othello anashtuka na kusema kwamba Iago anamrudishia maneno kana kwamba fikira zake zimeficha zimwi la kutisha lisilofaa kuonyeshwa. Zingatia hapo: Othello ameitambua mbinu na kuitaja wazi, na bado imemnasa. Ndiyo maana ni kosa kumsoma kama mjinga. Amesikia mwangwi, ila ametafsiri vibaya sababu yake. Anaona rafiki mwenye siri nzito anayeona haya kuitoa.

Zoezi la kuthibitisha hili ni rahisi. Mtafute mtu asiyeijua tamthilia, umsomee maneno ya Iago peke yake tangu "Ha!" mpaka hapa, bila majibu ya Othello. Kisha muulize: Cassio anashtakiwa kwa kosa gani? Hataweza kukwambia. Msomee tena, safari hii pamoja na majibu ya Othello, na shtaka litajitokeza lenyewe.

Kwa anayetafsiri au kuigiza kwa Kiswahili, lile neno la mshangao ndilo mtego. Ukisema "Ala!" umepayuka, Iago hawezi kuonekana ameshtuka waziwazi. "Kweli?" ni baridi mno, Othello hatakuwa na cha kushika. "Kumbe!" ndilo linalofaa, kwa sababu kwetu hulitamka mtu aliyegundua jambo lililokuwa limefichwa, na Othello anaweza kulirudisha bila kulikwaruza: "Kumbe! Ndiyo, kumbe, unaona nini hapo?"

Neno la kutoligusa

Neno la Kiingereza "honest" na jamaa zake linarudi zaidi ya mara 40 katika tamthilia. Linabandikwa kwa Iago na karibu kila mtu, linahojiwa kwa Cassio, na linanyang'anywa Desdemona. Kwa mwanamume lilimaanisha mtu wa kweli. Kwa mwanamke lilimaanisha pia kutunza heshima ya ndoa. Hapa Kiswahili kina bahati, maana "mwaminifu" linabeba yote mawili. Kwa hiyo shika neno hilo moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtafsiri anayeandika "mkweli" hapa, "mnyoofu" pale na "mwadilifu" kwingine ili kukwepa takriri ameukata uzi ambao Iago anautumia kuwafunga watu watatu kwa pamoja.

Linganisha na hotuba ya Mark Antony katika Julius Caesar, ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili waliikuta kwanza katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1963. Antony anaurudia mwenyewe uheshimiwa wa Brutus, mmoja wa waliomwua Caesar, mpaka umati unauona umeoza. Kwa Iago ni kinyume: sifa ya uaminifu wake huirudia watu wengine. Hajivishi kilemba, anavishwa.

Onyo linalopanda mbegu

Baada ya mwangwi, Iago anagoma kusema. Anadai hata watumwa hawalazimishwi kutoa walichonacho moyoni. Othello anaomba, anaamuru, anatishia. Kadiri Iago anavyobana, ndivyo bei ya siri inavyopanda. Halafu, badala ya siri, anatoa onyo: jihadhari na wivu, bwana wangu, ni zimwi lenye macho ya kijani. Neno wivu, katika mazungumzo haya, limeletwa na Iago, kwanza akijisingizia mwenyewe kwamba ana tabia ya kuona makosa yasiyokuwapo, kisha kama nasaha. Anaendelea kumzungumzia mume ambaye mkewe anazini. Hakuna aliyeshtakiwa bado! Othello anaguna, "Lo, mateso!", na mtu mzima ameanza kuumwa na ugonjwa aliotahadharishwa nao tu.

Ndipo, kama mistari 160 tangu lile "Ha!", Iago anatoa kauli ya kwanza iliyo wazi: mwangalie mkeo, mtazame vizuri akiwa na Cassio. Na anaishikiza kwa nguzo tatu. Ya kwanza: mimi nawajua wanawake wa kwetu Venice, Mungu huyaona wanayowaficha waume zao. Othello ni mgeni Venice, ni Mmoori, mtu mwenye asili ya Afrika. Hana namna ya kumbishia mwenyeji. Ya pili: alimdanganya baba yake alipoolewa na wewe. Ya tatu: alikataa wachumba wengi wa nchi yake na wa rangi yake, na huenda siku moja akawalinganisha nawe na kujuta.

Pigia nguzo ya pili mstari mwekundu mnene, maana ni kweli tupu. Desdemona aliolewa kwa siri. Tena Othello alishaisikia kauli hiyo katika Tendo la 1, Onyesho la 3, kutoka kwa baba mkwe mwenyewe, Brabantio, alipomwambia: mwangalie, Mmoori; amemdanganya baba yake, anaweza kukudanganya na wewe. Wakati ule Othello aliweka rehani maisha yake kwa uaminifu wa mkewe. Iago hakuzua kitu, alitunza akiba. Andika daftarini kila jambo la kweli analolitumia. Utashangaa yalivyo mengi.

Kisha anasema kwa huruma, naona haya yamekutibua roho kidogo. "Hata chembe, hata chembe," anajibu Othello. Mwigizaji asiharakishe hapo.

Kila mtu na dawa yake

Iago ana mistari mingi kuliko mhusika mwingine yeyote humu, Othello akiwamo, na sehemu kubwa ni ya kubadilisha sauti kulingana na sikio lililo mbele yake. Kwa Brabantio, usiku, anapiga kelele za wanyama: kondoo dume mzee mweusi, farasi wa Barbary. Anataka hofu, si fikira. Kwa Roderigo, aliyekuja akitaka kujitosa majini kwa kumpenda Desdemona, anatumia nathari ya haraka na kurudia zaidi ya mara 5, kwa maneno yanayokaribiana, amri ya kutia fedha mfukoni, mpaka kijana anakwenda kuuza ardhi yake. Akishatoka, Iago anageukia ushairi na kutuambia kwamba ndivyo anavyomfanya mjinga wake kuwa mkoba wake. Kwa Emilia hana mbinu nyingi. Humwamuru tu, na hilo litamgharimu.

Andika kauli hizi mbili ukurasa mmoja, moja kushoto, moja kulia. Cassio anapolia kwamba amepoteza jina lake jema, Iago anamwambia jina jema ni kitu cha bure, hupatikana bila kustahili na kupotea bila kosa (Tendo la 2, Onyesho la 3). Kwa Othello, maonyesho machache baadaye, anasema jina jema ni johari ya roho, na anayemwibia mkoba wake ameiba takataka. Kauli ya pili hunukuliwa hadi leo kama hekima ya Shakespeare. Ni ya ndumakuwili, na imetolewa kumwua mtu. Si bure kwamba Iago anaapa kwa Janus, mungu wa Kirumi mwenye nyuso mbili.

Pima mizani

Msomaji aliyezoea kuhesabu mizani za shairi, 8 kwa 8, ana kipimo kizuri mkononi. Ushairi wa Shakespeare kwa kawaida una mizani 10, mkazo ukiangukia kila silabi ya pili. Mstari unaweza kugawanywa kati ya wasemaji wawili. Mkato ukiwa wa Iago, hesabu mizani zilizobaki. Hicho ndicho kimya au nafasi anayomwachia Othello aijaze.

Mahali pa kupima kuvunjika ni Tendo la 4, Onyesho la 1. Othello anauliza Cassio amesema nini. Kwamba ali... sijui alifanya nini, anasema Iago. Nini? Nini? Alilala... Naye? Naye, juu yake, upendavyo. Kiswahili kinamsaidia Iago kuliko Kiingereza hapa, kwa sababu anaweza kukata kwenye "ali-" na kuliacha tendo lote hewani. Lakini tunapoteza kitu: katika Kiingereza neno la kulala na neno la kusema uongo ni moja, na hatuna njia ya kulirudisha. Jibu la Othello ni nathari iliyopasuka, pua, masikio, midomo, leso, kisha anaanguka na kupoteza fahamu. Mizani haipo tena.

Fuatilia pia maneno yanayohama. Mwanzoni wanyama ni wa Iago. Katika Tendo la 3 anawafananisha Cassio na Desdemona na mbuzi na nyani wenye ashiki. Mwishoni mwa Tendo la 4, Onyesho la 1, mbele ya Lodovico, mjumbe kutoka Venice, Othello anatoka akipiga kelele: "Mbuzi na nyani!" Lodovico haelewi ametoa wapi maneno hayo. Wewe una namba ya mstari.

Lini?

Othello anadai ushahidi wa macho. Anapewa ndoto, ambayo Iago anadai aliisikia Cassio akiiweweseka, na leso yenye picha za stroberi. Leso ile ilianguka mbele ya Othello. Yeye mwenyewe aliisukuma, akisema ni ndogo mno kumfunga kichwa, na Emilia akaiokota na kumpa mumewe. Kuhusu ndoto, Iago anasema wazi kwamba itasaidia kunenepesha ushahidi mwingine ulio mwembamba. Ushahidi mwingine upi? Haupo.

Chora ratiba ya safari. Kutoka Venice hadi Kupro Cassio alisafiri katika merikebu moja, Desdemona katika nyingine, Othello katika ya tatu. Aliyesafiri na Desdemona ni Iago! Usiku wa kwanza kisiwani ndio usiku wa ugomvi wa ulevi, na mazungumzo ya Tendo la 3 yanafuata siku ya pili yake. Muda wa uzinzi haupo. Kuna maneno yanayovuta upande mwingine, kwa mfano Bianca, hawara wa Cassio, anayelalamika kwamba Cassio hajaja kwake wiki nzima, na Shakespeare anayaacha yote mawili yakae pamoja. Ila Othello hamwulizi Iago swali dogo kuliko yote: lini?

Anayeliuliza ni Emilia, Tendo la 4, Onyesho la 2. Nani anakaa naye? Mahali gani? Saa ngapi? Kwa namna gani? Anaongeza kwamba lazima kuna mlaghai mmoja aliyezua fitina hii ili apate cheo. Iago amesimama palepale. Anasema mtu wa namna hiyo hayupo, haiwezekani, na anamwambia mkewe ashushe sauti.

Jukwaani

Kosa la kawaida la waigizaji ni Iago anayetabasamu kwa ubaya kila anapogeukia hadhira. Watu wazima wenye vyeo wanamwamini mtu huyu kwa miaka. Uso wake uwe wa askari mchovu mwenye nia njema, mwenye umri wa miaka 28 kama anavyojitaja. Kosa jingine ni Othello anayekasirika mapema. Hasira ikianza kabla ya "mwangalie mkeo", mapengo yote yaliyotangulia hayana kazi.

Katika Tendo la 5, Onyesho la 2, mwangwi unarudi, safari hii kwa Emilia. Othello, aliyekwisha kumuua Desdemona kitandani, anamwambia ni mumewe aliyemfumbua macho. "Mume wangu?" Anarudia, na kurudia tena, hadi Othello anamuuliza kuna haja gani ya kurudiarudia hivyo. Ni mbinu ileile ya Tendo la 3, lakini anayeshangaa sasa anashangaa kweli. Kila "mume wangu" lisomwe kwa sauti tofauti: la kwanza haelewi, la mwisho ameelewa. Iago anamwamuru aende nyumbani. Anajibu kwamba ni haki amtii, lakini si sasa, na anaitaja leso. Iago hana hoja ya kumjibu, anatumia upanga.

Kisha Othello anataka kujua kwa nini, na anaambiwa: msiniulize kitu, mnachojua mnakijua, tangu sasa sitasema neno. Msimamizi asimtoe jukwaani. Abaki amefungwa, mdomo umefumbwa, mpaka Othello ajiue na Lodovico amwamuru autazame mzigo ulio juu ya kitanda kile. Na wote wanaomzunguka wamtazame wakingoja aseme.